Joto la Mtu Mmoja

Kwenye uwanja ule kulikuwa na majengo mawili, na lililokuwa na maisha mazuri ni lile lisilokaliwa na mtu. Kuta zake zilikuwa nene, mlango wake wa chuma ulikuwa na mpira pembeni kama mlango wa friji, na kiyoyozi chake kilinguruma kutwa kucha bila mtu kuuliza umeme huo unaliwa na nani. Ndani mlikuwa na kabati la mashine lenye taa ndogo za kijani, na nyuzi za kioo za rangi ya njano zilizozungushwa kwa utaratibu kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Jengo la pili lilikuwa la matofali ya saruji na bati tupu juu yake. Humo ndimo alimoishi mtunza kituo, mama yake mzazi, na mke wake.

Msimu ule joto lilikuwa la kukomoa watu. Jua likipanda kidogo tu, bati linaanza kulia, na ukuta wa ndani hauegemeki. Mama mkwe, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka na miguu imejaa maji, alikaa kwenye kiti kando ya mlango akivuta pumzi kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisima kirefu. Ikifika juu, nusu imeshamwagika. Daktari alikuwa amesema maneno machache: anywe dawa hizi, apunguze chumvi, asikae kwenye joto. Hilo la mwisho alilisema huku akimwita mgonjwa mwingine.

Mke wa mtunza kituo alilichukua neno hilo akalipeleka kwa mumewe. Wote wawili waligeuka wakatazama jengo lenye kiyoyozi, kisha mume akatazama viatu vyake. Akamwambia kwa upole kwamba kile si chumba cha watu. Mtunza kituo mwingine, mbele huko kwenye njia hiyohiyo, aliwahi kuweka maziwa yake humo yasichache, akaondolewa kazini wiki ileile, na nyumba ikaenda na kazi, kwa sababu nyumba ni ya kituo.

"Wakinifukuza, mama tutampeleka kwenye kivuli cha nani?" akauliza.

Mkewe hakumlaumu. Alijua mwanaume huyu alikuwa akiamka kabla ya kila mtu kwenda kumwagia maji ukuta wa upande wa mama yake, ingawa ukuta ulikuwa unakauka kabla hajarudisha ndoo.

Kila asubuhi mtunza kituo alipanda baiskeli kufuata njia ya mkonga wa nyuzi hizo za kioo uliofukiwa ardhini, kuangalia kama kuna mtu anachimba msingi au shimo la taka juu yake, na alirudi vivuli vikiwa vimerefuka. Ufunguo wa pili wa chumba alikuwa nao mkewe, kwa sababu ndiye aliyekifagia. Basi siku moja, mama mkwe midomo ilipoanza kubadilika rangi, yule mke hakuuliza tena. Alileta toroli la kubebea mchanga, akatandika blanketi, akamwinua mkwewe akamweka.

"Leo nimekuwa mfuko wa saruji," mama mkwe akasema kwa sauti ya kukatika. "Taratibu kwenye mawe, nisije nikapasuka."

Ndani ya kile chumba alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, mbali na kabati. Baada ya muda mfupi pumzi ya mama mkwe ilishuka, ikatulia, ikawa pumzi ya mtu. Mke wa mtunza kituo alisimama pale akamshukuru Mungu, halafu akamwomba msamaha, na hakujua lipi kati ya hayo mawili lilipaswa kutangulia.

Hakutaka kupita kiasi. Alijiambia hivi: nitamwingiza jua likiwa kali tu, na kabla baba wa nyumba hajarudi nimtoe. Kile chumba akikitumia kidogo, madhara yatakuwa kidogo. Kila alipomtoa, aliacha mlango wazi kwa muda ili harufu ya dawa ya kuchua itoke, akapiga deki sakafu, akakausha, akafunga. Alifanya hivyo kwa uaminifu, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani ikiwa safi kuliko alivyoiazima.

* * *

Malalamiko yalianza kuja kwa simu. Huko mwisho wa mkonga, mbali kiasi kwamba hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kufika, kulikuwa na bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia mawimbi yanavyofika. Hawakumjua sura. Kwa kuwa hakuwahi kupiga simu kusalimia, bali kutaja kasoro, nyumbani walimwita Bwana Kasoro.

Bwana Kasoro alisema mawimbi yanayumba. Si usiku, si alfajiri. Yanayumba mchana, na chanzo kiko kwenye kituo hiki na si kingine. Mtunza kituo akafungua mashine, akasafisha ncha za nyuzi kwa kitambaa maalumu, akabadilisha kichujio cha kiyoyozi. Kesho yake simu ikaja: yanayumba. Akaziba nyufa za dari. Simu ikaja. Ilifika mahali Bwana Kasoro akamuuliza kama anakunywa pombe kazini, na mtunza kituo, ambaye hakuwahi kuonja, akajibu, "Hapana, mheshimiwa," mkewe akiwa amesimama nyuma yake na bakuli la supu mkononi.

Siku hiyo kwenye chakula mama yake alimuuliza hasa ni kitu gani hicho kinachoyumba, maana nyumba nzima imekosa raha kwa ajili yake. Mtunza kituo akaacha kijiko. Akasema huko mjini kuna saa kubwa isiyokosea, na mapigo ya saa hiyo yanapakiwa kwenye mwanga, mwanga unapita ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele, unakwenda mpaka kwenye masinia makubwa ya antena yanayosikiliza nyota. Masinia yote yanatakiwa yasikilize kwa pigo moja. Pigo likichelewa hata kwa kiasi ambacho binadamu hawezi kukifikiria, wanachosikia kinakuwa kelele tupu.

"Na ardhi ikipata joto?" mama akauliza. "Huo uzi haurefuki?"

Mwanawe akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Akasema unarefuka, na ukipoa unafupika, lakini hilo lina dawa yake: sehemu ya mwanga inarudishwa ilikotoka, mashine inapima safari ya kwenda na kurudi, inajua uzi umerefuka kiasi gani, na inarekebisha yenyewe. Ila kuna vipande vifupi vya uzi ndani ya kile chumba, pale mwanga unapoongezwa nguvu, ambavyo marekebisho hayavifikii. Ndiyo maana chumba kinatakiwa kisibadilike.

"Kwa hiyo kuna kitu kinabadilika humo," akasema, akiangalia sahani. "Na mimi mwenyewe sikioni."

Mama mkwe na mkwewe hawakutazamana. Yule mke alikusanya vyombo. Wakati wa sala alipiga magoti kama kawaida, lakini alipofika mahali pa kuomba riziki ya mumewe alinyamaza, maana aliona ni kama kumwambia Mungu azime moto ambao yeye mwenyewe anauchochea.

Asubuhi mama mkwe alikataa toroli. Alisema leo anajisikia vizuri, atakaa palepale mlangoni aangalie kuku. Mkwewe alijua kwa nini. Akamlowanishia kitambaa cha kichwa, akampepea kwa kifuniko cha boksi, akamsimulia habari za watu ili kumsahaulisha. Jua lilipokuwa juu kabisa mama mkwe aliacha kujibu. Kichwa kilianguka upande, na mikono ikawa inatafutatafuta kitu hewani. Mke wa mtunza kituo alimbeba bila toroli, mwili mzima ule, akaufikisha kwenye mlango wa chuma.

Alipozinduka ndani ya ubaridi, mama mkwe alisema polepole, "Mkwe wangu, unajua tunamuua mwanangu."

"Najua, mama."

"Na mimi usiponileta huku..."

"Najua."

Miaka yote waliyokaa pamoja walikuwa wameishi kwa heshima tu, kila mmoja na sufuria yake moyoni. Sasa walikuwa na dhambi moja wakiichangia, na yule mke akagundua, kwa aibu, kwamba hajawahi kumpenda mama huyu kama siku hizi.

Jioni ile mume alirudi na habari. Makao makuu wanamtuma mhandisi. Kazi kubwa inakuja, masinia yote yatasikiliza pamoja kwa wiki kadhaa, na kama chanzo hakitapatikana kabla ya hapo, kituo atapewa mtu mwingine.

* * *

Mhandisi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na viatu vilivyojaa vumbi. Alikagua chumba peke yake, kisha akaja kukaa kwenye nyumba ya bati na kompyuta magotini, jasho likimtiririka. Mtunza kituo alisimama mbele yake kama mwanafunzi. Mama mkwe alikuwa chumba cha pili, na pumzi yake ilisikika ukutani.

Mhandisi aligeuza kompyuta. Akamwonyesha mstari unaokwenda sawasawa, halafu ghafla una jino, halafu unapanda kilima, halafu jino jingine kubwa, halafu unashuka. Siku baada ya siku, ni hivyo. Siku moja tu kilima kilichelewa.

"Meno haya ni mlango," akasema. "Unafunguliwa, hewa inabadilika. La pili ni refu. Hapo mlango unaachwa wazi, na nadhani kuna maji. Kilima hiki katikati ni kitu cha moto kinachowekwa humo. Si cha moto sana. Ni kama balbu kubwa moja." Akavua miwani, akaifuta. "Au ni kama mtu mmoja. Nani anaingia humu wewe ukiwa njiani, fundi?"

Mtunza kituo akasema hakuna mtu. Alisema kwa uhakika wa mtu asiyejua kitu, na mkewe, aliyekuwa anaingia na sinia la chai, aliusikia uhakika huo ukamchoma. Akaweka sinia chini.

"Ni mama," akasema. "Nimekuwa nikimwingiza mimi. Mume wangu hajui."

Hakuna aliyepaza sauti. Mume alivuta kiti akakaa bila kuombwa, akaweka viganja magotini. Alikuwa amesafisha ncha za nyuzi mpaka macho yakamuuma, amepanda darini, amekubali kuitwa mlevi, akiwinda joto la mama yake mwenyewe. Alimgeukia mkewe. Kisha akauliza swali moja tu, kama huko ndani mama alikuwa akipumua vizuri.

"Alikuwa akipumua," mkewe akajibu. Mume akainamisha kichwa.

Mhandisi aliinuka akaenda chumba cha pili. Mama mkwe alimpokea kwa kuinua vidole viwili tu, ndiyo salamu aliyoiweza.

"Wewe ndiye unayemtafuta mwizi wa baridi?" akamuuliza. "Nimeshakaa chini. Sikimbii."

Binti wa watu akacheka, halafu macho yakamjaa, akajifanya anarekebisha miwani. Alimshika mkono akakaa naye kidogo. Aliporudi alisema maneno ambayo mke wa mtunza kituo aliyarudia kichwani kwa muda mrefu baadaye.

"Mashine haijui baridi wala joto. Inajua mabadiliko tu. Kitu kikikaa humo moja kwa moja, hata kama ni cha moto, baada ya siku chache mstari unatulia, tunasahihisha mara moja, basi. Kilichotuumiza ni kuingia na kutoka. Ni mlango, na hilo deki."

"Ina maana ningemwacha humo tangu siku ya kwanza..."

"Tusingejua."

Yule mke alishika ukingo wa meza. Kila siku alikuwa akimtoa mgonjwa kwenye pumzi yake na kumrudisha kwenye tanuri, kwa uangalifu wote, akiamini anapunguza madhara. Kumbe madhara yenyewe yalikuwa huko kumtoa.

Mhandisi alisema hawezi kuruhusu mtu alale humo, hana mamlaka hayo. Lakini ameona mpira wa mlango umelegea, na hicho ndicho atakachoandika. Mke wa mtunza kituo akamjibu kwamba anamshukuru, ila hataki mtu adanganye kwa ajili yake. Mhandisi akampeleka mpaka kwenye mlango wa chuma, akamwambia auguse mpira. Kweli, upande wa chini ulikuwa umelegea.

"Sijasema uongo, dada," akasema. "Nimechagua tu la kusema."

* * *

Walimhamisha mama mkwe siku hiyohiyo. Mtunza kituo alitengeneza kitanda cha mbao, akamweka mbali na kabati. Mlango ulikuwa wa kufunguliwa alfajiri na jioni tu, haraka, na kufungwa. Deki likapigwa marufuku. Bwana Kasoro alipiga simu siku chache baadaye, na kwa mara ya kwanza akauliza hali ya familia. Alisema mstari umenyooka kama umechorwa kwa rula, na kwamba wenzake wanauliza mtunza kituo ametumia mbinu gani.

Mama mkwe alipata usingizi, na miguu ikaanza kupungua. Lakini humo hamkuwa na dirisha. Taa za kijani ziliwaka, kiyoyozi kilinguruma, na ukuta ulikuwa mnene kiasi kwamba hata ukiita hausikiki. Alfajiri mkwewe alimwingizia chai na dawa, akambadilisha, wakasali pamoja sala ya mbiombio, jicho moja kwenye mlango. Jioni mwanawe aliingia pamoja na mkewe wakamsalimu. Kila mara mgonjwa alikuwa na habari tayari ya kuwasimulia, na kila mara habari ilikatwa katikati.

"Humu hakuna hata nzi wa kugombana naye," alisema siku moja. "Mmenipanga pamoja na mashine. Bado kunipa taa ya kijani."

Walicheka. Wakafunga.

Siku nyingine, kazi kubwa ikiwa imeshaanza, aliomba mlango uachwe wazi kidogo tu, auone uwanja, aone kama wale vifaranga wamekua. Mkwewe alimsihi asubiri jioni. Alimshika shavu alipokuwa akisema hivyo, maana aliona analosema ni baya.

"Haya," mama mkwe akasema. "Nisije nikawatikisia nyota."

Nje, katika ule wembamba wa kivuli uliobaki kando ya ukuta, mke wa mtunza kituo alizoea kuleta kazi zake: kuchambua nafaka, kushona, kukunja nguo. Alikuwa anajua hasikiki. Hata hivyo alizungumza, akamwelezea mkwewe vifaranga wako wangapi na nani amepita njiani, na mgongo wake aliuegemeza kwenye ukuta ule uliokuwa na ubaridi kidogo.

* * *

Asubuhi moja alikuwa anafua simu ilipolia ndani ya nyumba. Mumewe alikuwa ameshaondoka na baiskeli. Alipokea mkono ukiwa na povu. Alikuwa Bwana Kasoro, na sauti yake ilikuwa ya furaha. Alisema si tatizo kubwa, asiwe na wasiwasi, anauliza tu.

"Tangu asubuhi mstari wenu unateremka polepole. Hakuna jino, mlango haujafunguliwa, nawashukuru kwa hilo. Ni kama kuna kifaa humo kilikuwa kinatoa joto, sasa kimezimwa. Mmezima kitu, mama?"

Povu lilikuwa linapasuka kwenye vidole vyake. Akasema hapana, hawajazima kitu.

"Basi kinapoa chenyewe. Mitambo ndiyo ilivyo."

"Ilianza saa ngapi?" akauliza.

Bwana Kasoro akaangalia. Akasema ilianza jua lilipokuwa linatoka, muda mfupi tu baada ya mlango kufungwa. Kisha akaomba jambo moja. Wako katikati ya kazi, masinia yote yanasikiliza, na leo ikiharibika imeharibika wiki nzima ya watu wengi; tafadhali, chochote kitakachokuwa, wasifungue mlango mpaka jioni. Akaongeza kwamba ameshampendekeza mtunza kituo apewe barua ya sifa.

Alimshukuru. Akarudisha simu mahali pake, akafuta mikono kwenye nguo, taratibu, kidole kimoja kimoja.

Uwanjani jua lilikuwa limeshaanza ukali wake. Alitembea mpaka kwenye mlango wa chuma akasimama, ufunguo mkononi. Alijua hakuna tena pumzi ya kuwahi. Akisubiri mpaka jioni, hakuna atakayeumia. Kazi itabaki, nyumba itabaki, mumewe atapata barua yake, na aliyelala humo hataona joto wala upweke. Alifikiria yote hayo kwa utulivu, kwa sababu alikuwa mwanamke wa kufikiria. Alifikiria pia ile sala ya alfajiri, jinsi alivyoitikia mwisho wake akiwa ameshasimama, kiganja kwenye kitasa, na mama mkwe akiwa bado amefumba macho.

Akafungua. Mlango ulipotaka kujirudisha wenyewe, aliusukuma mpaka mwisho wa bawaba, akautilia jiwe.

Akaketi kitandani, akauchukua mkono wa mama mkwe akauweka mapajani mwake, na akaianza sala tangu mwanzo. Nyumbani simu ililia, ikakatika, ikalia tena. Hakuinuka. Joto la uwanjani liliingia polepole kupitia mlangoni, likawafikia wote wawili.